Kamba ya Kuku wa Mama

Mtu wa Dar es Salaam akinisikia nauita mji wa Singida mji mkubwa, atacheka mpaka ashike mbavu. Acheke. Yeye hajawahi kuhama Misuna kwenda Majengo, na Majengo kwenda Mandewa, akiwa na mama mgonjwa, kitanda, mapipa ya maji na kuku mmoja mwenye kamba mguuni. Ukihama hivyo, mji wowote unakuwa mkubwa. Unagundua kwamba kutoka mtaa mmoja hadi mwingine watu hawaamki sawa, hawasalimiani sawa, hata upepo haupigi sawa. Na unachoka. Nasema mapema kwamba haya ni maneno ya mtu aliyechoka, asije mtu akategemea niusifie mji wangu.

Mama alipata kiharusi nyumbani Ilongero, asubuhi, akiwa peke yake anapepeta uwele. Aliyemkuta ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ambaye boma lake liko ng'ambo ya shamba letu. Mama alipona, lakini mguu na mkono wa kushoto vilibaki vizito, na daktari aliniambia bila kuzunguka kwamba asikae tena peke yake, na asikose kliniki wala mazoezi. Kaka yangu yuko Dar na familia yake. Alitoa pole, akawa anapiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na simu zake zilikuwa ndefu na zenye upendo, lakini fimbo ya mbali haiui nyoka. Nikabaki mimi, mwalimu wa shule ya msingi, sina mume wala mtoto, mwenye chumba cha kupanga mjini. Nikaenda kumchukua.

Alikubali kuja kwa sharti lake.

"Nakuja kutazama," alisema. "Nikiweza kukaa, nitakaa. Nisipoweza unanirudisha, hata kama narudi kufa."

Sikubisha. Mama si mtu wa kutishia; akisema jambo, amesema. Alipanga nguo zake kwenye begi moja la zipu, juu yake akaweka kigae, yaani kipande cha chungu kilichovunjika, kisha akaagiza akamatwe tetea mwekundu aliyekuwa akitaga vizuri. Nilimwambia mjini kuku wapo. Akaniambia nitafute kikapu.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwetu kila mtoto anajua sababu. Ukimleta kuku mahali papya unamfunga, unamlisha pale pale, analala pale pale. Baada ya siku chache anakuwa ameshajua kwake ni wapi. Unamfungua, anazurura mchana kutwa, na jua likizama anarudi mwenyewe. Kwa hiyo nilipomwona mama, kwa mkono wake mmoja mzima na meno, anamfunga yule tetea kwenye nguzo ya upenu wa chumba changu, sikuwaza lolote. Nilianza kuwaza baadaye, miezi ilipopita na kamba ikawa bado iko mguuni. Nguo za mama nazo zilikuwa bado ziko kwenye begi. Kila alipotaka kubadilisha kanga alifungua zipu, akatoa moja, akafunga.

Chumba hicho kilikuwa Misuna, karibu na soko la vitunguu na si mbali na stendi. Mimi Misuna nilikuwa nimeizoea. Malori yanaingia alfajiri, wabeba mizigo wanatukanana kwa furaha, na upepo wa Singida, ambao hauna adabu popote, unaokota maganda ya vitunguu na kuyatawanya hadi ndani ya sufuria yako. Harufu inaingia kwenye nywele. Nilikuwa nikisimama mbele ya darasa la tatu nikijua kabisa kwamba ninanuka gunia. Lakini Misuna haikuulizi wewe ni nani, umeolewa au la, unapika nini. Watu wake wengi wako njiani kwenda kwingine, nao hawana muda wa umbeya. Kwa mwanamke mwenye umri wangu, asiye na mume, hiyo ni raha kubwa, nanyi mnaojua mnajua.

Asubuhi ya kwanza mama alitoka na kile kigae. Hiyo ni sheria yake, aliyoipata kwa mama yake: ukihamia mahali, moto wa kwanza hauuwashi kwa kiberiti chako. Unakwenda kwa jirani, unasalimia, unaomba moto. Anakuwekea makaa kwenye kigae, unarudi nayo, unapikia. Si kwamba huna kiberiti. Unajitambulisha, na jirani naye anapata nafasi ya kukuona sura. Nilimwambia mjini mambo hayo hayapo, watu wanatumia gesi. Akaenda hivyo hivyo, anakokota mguu, mpaka kwa mama ntilie aliyekuwa akipika chapati kwenye kona.

"Mama, kiberiti si kipo dukani hapo?" yule dada alimuuliza, kisha akacheka, akachota makaa kwa koleo. "Haya, chukua bwana. Lakini mkaa nao umepanda!"

Mama alirudi na makaa yake, akapuliza. "Ni mkarimu," aliniambia, "ila ana haraka." Mpaka leo sijasikia maelezo mazuri kuliko hayo kuhusu Misuna nzima.

Kilichotuondoa Misuna ni stendi. Siku moja nilipigiwa simu shuleni na kijana wa Ilongero anayepakia mizigo pale. Akasema, mwalimu, bibi yuko hapa, amekalia begi lake na kuku yuko kwenye kikapu. Nilipanda bodaboda na chaki mkononi. Nilimkuta kwenye kivuli cha kibanda cha tiketi, ametulia kama mtu anayesubiri ibada ianze. Gari la kwetu lilikuwa limeshajaza likaondoka, na yeye hakulipanda.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Mbona hukupanda?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. "Ningeondokaje bila kukuaga?"

Nilimnunulia chai, nikakaa naye juu ya lile begi. Nilimwomba asubiri kliniki ya mwezi ule tu. Akakubali. Jioni ile nilianza kuulizia chumba mahali ambapo gari za Ilongero hazionekani wala honi zake hazisikiki. Nilimhamisha mama ili asiione njia ya kwao, na nilijiambia ni kwa ajili ya afya yake.

Tukaenda Majengo. Kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kilibeba kila kitu kwa safari moja, kuku juu ya godoro.

Majengo ni mtaa wa watu waliokaa. Nyumba zimebanana, korido katikati, vyumba huku na huku, na nyuma kuna ua ambao ni wa wote. Ukuta kati ya chumba na chumba haufiki juu, kwa hiyo jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Alfajiri adhana, baadaye redio, halafu sauti ya mafuta ya vitumbua, na jioni kwaya inafanya mazoezi mtaa wa pili, wimbo ule ule mpaka unaujua sauti ya tatu. Watu wa pale wanajua umekula nini, na kama hukula wanajua pia. Mimi niliichukia Majengo ndani ya wiki moja. Nilikuwa narudi kutoka kwenye darasa la watoto mia kasoro, nataka kunyamaza tu, na kabla sijafika mlangoni nimeshaulizwa maswali ya kutosha kunimaliza.

Mama alipotoka na kigae chake, hakufika mbali. Chumba cha mbele alikaa mama mzazi wa mwenye nyumba, bibi wa Kiislamu ambaye babu zake walitoka pwani kufuata biashara wakabaki huku huku kwetu. Alikuwa na jiko la mkaa mlangoni na buli juu yake.

"Shikamoo," nilimwamkia, maana nilikuwa nimemshika mama mkono.

"Marahaba, mwanangu." Kisha akamgeukia mama. "Karibu, dada yangu. Mtu hanyimwi moto. Lakini keti kwanza, upoe, moto haukimbii."

Mama akaketi. Niliwaacha hapo nikaenda shule, na niliporudi mchana alikuwa bado ameketi, makaa kwenye kigae yamekuwa majivu, na hakuna chochote kilichopikwa. Walikuwa wameongea magonjwa yao yote tangu utotoni.

Tangu siku hiyo mama alikuwa akilalamika kwamba yule bibi anaongea mno, kisha anaoga mapema ili asimkose. Ramadhani ilipofika bakuli la viazi vya nazi lilikuja kwetu kila magharibi, na kwa kuwa chombo hakirudi kitupu, mama alikuwa akilirudisha na mayai ya yule tetea. Mayai mawili, wakati mwingine moja, limeoshwa. Wakati wa futari mama, ambaye hakosi kanisa, alikuwa akiniashiria nipunguze sauti ya redio.

Kamba ilibaki. Lakini jioni moja nilimkuta anaiunga. Alichukua kipande cha katani, akakifunga na kile cha zamani, akaisogeza hadi kuku akaweza kufika mlangoni kwa yule bibi na kurudi. Nikajiambia, kidogo tu, kidogo tu atamfungua, naye atatoa nguo kwenye begi.

Halafu akaanguka. Choo cha Majengo kilikuwa mwisho wa ua, na kukiingia lazima upande ngazi za saruji ambazo kila mtu anamwagia maji. Aliteleza mara ya kwanza tukasema pole, bahati mbaya. Mara ya pili aliumia nyonga, akalala kitandani muda mrefu, na kliniki nikakemewa kama mtoto. Wapangaji walikuja wote kumtazama, kila mmoja na uji wake. Lakini uji haushushi ngazi. Mwenye nyumba alisema angezivunja, na naamini alikusudia kweli.

Nikatafuta tena nyumba. Yule bibi aliposikia tunakwenda Mandewa, aliweka buli chini.

"Mandewa? Huko kwa upepo?" alisema. "Nani atamjulia hali, mwanangu, na wewe uko kazini?"

Nilimwambia kuna choo cha ndani.

Nisiwe mnafiki: niliipenda Mandewa. Ni sehemu inayokua, nyumba mpya, bati za rangi, uzio mrefu, mageti ya chuma, na katikati yake miamba mikubwa ya kwetu ambayo hakuna aliyeweza kuihamisha, kwa hiyo kuta zimeizunguka kwa heshima. Ukisimama nyuma ya nyumba unaliona ziwa kwa mbali, kingo zake nyeupe kwa chumvi. Hospitali iko karibu. Nilipata nyumba ndogo ya vyumba viwili ndani ya uzio, sakafu ya vigae, choo cha kukaa ambacho mama alikishikilia pembeni na kuinuka mwenyewe. Usiku hakuna anayekohoa zaidi yetu. Kwa mara ya kwanza tangu aje nililala mpaka kukakucha, na nilipoamka nilidhani nimekufa.

Tatizo la Mandewa ni mchana. Watu wote wako ofisini, watoto wako shule, mageti yamefungwa. Salamu zao ziko kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, ambako kila asubuhi wanatakiana baraka kwa picha za maua, na mama hana simu ya namna hiyo. Alikuwa akikaa barazani kutazama geti letu kwa ndani. Upepo ulikuwa ukilitikisa, naye alikuwa akisema "karibu," halafu hakuna anayeingia. Aliniambia hilo kama kichekesho. Mimi sikucheka.

Kamba ya kuku aliifupisha, akairudisha kwenye urefu wa Misuna. Mayai nayo yakajaa kwenye bakuli jikoni, maana hakukuwa na wa kumpelekea, na mimi na yeye hatukuweza kuyamaliza.

Siku moja nilirudi nikakuta mezani kopo la siagi lenye wali na maharage yaliyopoa. Nikamuuliza limetoka wapi.

"Ng'ambo," alisema. "Nilikwenda kuomba moto."

Alikuwa amechoka kusubiri geti lifunguke lenyewe. Alichukua kigae, akavuka barabara kwa fimbo yake, akagonga kwa majirani. Alifungua msichana wa kazi. Aliona bibi amevaa kanga iliyochakaa, ana fimbo, mguu unaburuta, na mkononi ameshika kipande cha chungu.

"Alinipa shikamoo vizuri," mama alisema. "Ni mtoto mwenye adabu. Kabla sijamweleza akasema, subiri hapo hapo bibi. Akafunga geti. Akarudi na hicho, akasema Mungu anibariki, akafunga tena."

Mama yangu, mwenye shamba na ng'ombe, mwanamke aliyekuwa akilisha wageni wa kijiji kizima siku za misiba, amepewa makombo kama ombaomba. Nilishika kopo nikasema nakwenda kuwarudishia sasa hivi. Mama akaanza kusema Kinyaturu, na akisema Kinyaturu kwa sauti ile ya chini, mpaka leo mimi hukaa chini. Nikakaa.

"Wamenipa chakula," alisema baadaye, kwa Kiswahili. "Aliyekupa chakula hujamkosea, naye hajakukosea."

Wali aliula kuku. Kopo mama aliliosha, akaliacha likauke juani, na asubuhi iliyofuata, mimi nikiwa darasani, alilijaza mayai akavuka nalo tena barabara.

Jioni geti letu liligongwa na mtu kweli. Alikuwa mama mwenye nyumba ya ng'ambo, bado amevaa nguo za kazini, na lile kopo mkononi. Alipomwona mama alipiga goti.

"Shikamoo, mama. Nisamehe. Msichana wangu hakujua. Nimekuta mayai mezani, nikauliza, nikaelezwa, nimeshindwa hata kukaa."

"Marahaba, mwanangu. Inuka. Kosa liko wapi? Nilikuja kuomba moto, nikapewa wali."

Yule mama hakuelewa, ikabidi mimi nimweleze habari ya kigae. Nilimweleza kwa ukali kidogo, nakiri. Akaweka mkono mdomoni. Akasema bibi yake kule Iramba alikuwa na mtindo huo huo, na yeye ndiye alikuwa akitumwa kubeba moto, akiwa mtoto, na aliunguza vidole. Akatoka haraka bila kuaga. Kumbe alikuwa amekwenda kuwasha mkaa. Baadaye tulimwona anavuka barabara na makaa juu ya mfuniko wa sufuria, anatembea kinyumenyume ili mgongo wake uzuie upepo, na cheche zinaruka pembeni mwa sketi yake ya ofisi. Mama alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu Majengo.

Tulipika ugali kwa moto ule, barazani, kwenye jiko la mkaa lililokuwa limekaa stoo. Nililala nikiwa na hakika kwamba kesho kuku atafunguliwa.

Asubuhi kamba ilikuwa pale pale, fupi.

Hapo ndipo nilipoishiwa. Nilikuwa nimeshavaa kwenda kazini. Nilisimama barazani nikamuuliza mama anataka nini tena. Nikamwambia choo kipo, hospitali ipo, jirani sasa yupo, moto ameletewa mpaka mlangoni, na huyu kuku atakwenda wapi, kuna ukuta kila upande! Nikamwambia mimi sina nguvu ya mtaa mwingine, sina. Sauti yangu ilipasuka, nikalia, mtu mzima na begi la shule begani.

Mama alinisubiri. Kisha akapiga piga kiti cha pembeni yake kwa ule mkono mzito.

"Kaa, mwanangu. Umekonda sana," alisema. "Mimi nakutazama wewe unavyokonda, wewe unatazama kamba."

Nikakaa.

"Majengo nilipapenda," alisema, "ila pangeniua, na ungejilaumu. Misuna ningetoroka. Hapa sipapendi. Upepo unanisemesha peke yangu. Lakini hapa wewe unalala. Nilikusikia siku ile ya kwanza unakoroma kama baba yako, nikasema, basi. Nitakaa hapa hapa."

"Na kuku?"

"Kuku mrudishe nyumbani. Mmoja wetu arudi."

Nilikuwa nimepata kile nilichokihangaikia mitaa yote ile. Nilitakiwa nifurahi, na nilisikia aibu, maana nilikuwa nimeshinda kwa kukonda tu.

Jumamosi nilimtia tetea kwenye kikapu, nikapanda bodaboda hadi Ilongero. Tulipita kando ya ziwa, upepo ukiwa mkali kiasi kwamba dereva aliinama, na kuku akatoa kichwa akakirudisha. Alizeti zilikuwa zimeinama, tayari kuvunwa. Nyumba yetu ilikuwa imefungwa, ua umefagiliwa. Shangazi anaufagia kila wiki, hakuambiwa na mtu. Nilimwamkia, nikamweleza habari za mama, nikamkabidhi kikapu. Nilifungua kamba ya mama mguuni mwa yule tetea mimi mwenyewe, nikahangaika nayo, maana fundo lilikuwa limekaa muda mrefu na lilikuwa gumu.

Nilidhani atakimbilia kwenye kile kichaka cha nyuma ya ghala alikokuwa akitaga. Alisimama tu. Kuku wa shangazi walikuja, wakamzunguka, mmoja akamdonoa shingoni, mwingine akafuata. Akajificha nyuma ya miguu yangu. Shangazi, huku anaendelea kuniuliza habari za mjini, aliokota kamba nyingine ukutani, akamkamata, akamfunga mguu kwenye kigingi.

"Shangazi, huyu si wa hapa hapa?" nilimuuliza.

"Alikuwa," alisema, na akakaza fundo. "Sasa ni mgeni. Akiachwa leo, jioni hatumwoni."

Nilikunywa uji wake, nikaaga. Njiani nilitafuta maneno ya kumwambia mama. Nilifikiria kusema kwamba kuku alikimbia moja kwa moja kichakani akataga. Ingekuwa rahisi, na nani angejua?

Mama alikuwa barazani, geti liko wazi. Aliniuliza habari za shangazi, za alizeti, za ufagio. Halafu akauliza alichotaka kuuliza.

"Wamemfunga?"

Nikamtazama. Mama amefuga kuku maisha yake yote, na alikuwa anajua jibu kabla sijapanda bodaboda.

"Wamemfunga," nilisema.

Alitikisa kichwa kukubali, akageuka akalitazama geti. Upepo ulilisukuma, na safari hii hakusema karibu.

"Haya," alisema. "Basi nitolee nguo kwenye begi."

Nilizitoa moja moja. Zilikuwa bado zinanuka moshi wa jiko la Ilongero, hata zile alizokuwa akizivaa mjini. Nilizitundika zote kabatini, nikakunja lile begi tupu, nikaliweka juu ambako hafiki.